Mtu wa Kufukiwa

Pantaleo alikuwa amelala chali ndani ya shimo, amefunikwa mbao, magunia na mchanga kidogo, akisubiri mbwa. Juu yake alimsikia mkewe akipita na ndoo ya uji kuelekea kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu. Alijua ni yeye kwa sababu nyayo zilisimama.

"Baba Nkwabi," Scolastika aliita. "Uko humo?"

Pantaleo hakujibu. Mwalimu wa mbwa alikuwa amemkataza kujibu.

"Haya. Ukifufuka, kuni zimekwisha nyumbani."

Akaenda zake. Baadaye kidogo mbwa alifika, akakwangua mchanga kwa kucha, akakaa kitako na kubweka mpaka watu wakaondoa mbao. Alikuwa mbwa jike mweusi, masikio yamesimama, anaitwa Tunu. Alipewa mpira wake autafune kwa furaha, na Pantaleo akapewa mkono kutoka shimoni. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya wote wawili.

Mwenye mbwa alikuwa Rhoda, binti aliyeletwa na shirika moja la uokoaji kuja kumfundisha Tunu kutafuta watu waliofukiwa na kifusi. Machimbo ya Isangilo, kwa upande wa Kahama, yalichaguliwa kwa sababu kifusi kilikuwepo na watu wa kufukiwa hawakukosekana. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Cornel, aliitisha mkutano, na Rhoda akaeleza kwamba anahitaji watu wa kujitolea, wengi, wanaume kwa wanawake, wa kujificha chini ya ardhi ili mbwa awatafute. Mtu mmoja aliuliza kuhusu posho. Rhoda akasema posho hakuna, na mikono kadhaa iliyokuwa imeinuka ikaanza kukuna vichwa. Mzee mwingine akauliza kama ni kweli mtu atafunikwa udongo angali hai. Rhoda akasema ni kweli. Mkutano ukaisha hapo hapo, maana kumfukia mtu mzima mzima ni uchuro, na Isangilo ilikuwa na uchuro wa kutosha bila kuuagiza kutoka mjini.

Aliyebaki uwanjani ni Pantaleo.

"Shikamoo mzee," Rhoda alimwambia. "Nashukuru. Lakini mtu mmoja hanitoshi. Mbwa akimzoea mtu mmoja, atadhani huyo ndiye anayetafutwa siku zote."

"Marahaba. Wengine watakuja," Pantaleo alisema. "Wakiona mimi sijafa."

Hawakuja. Rhoda alibadilisha mashimo, alibadilisha saa, alimpeleka Pantaleo mpaka nyuma ya mwalo ambako mchanga wa dhahabu huoshwa, lakini hakuwa na namna ya kumbadilisha Pantaleo. Kila asubuhi alifukiwa yeye, akiwa na koti lake la kijani la mtumba, na mbwa akazidi kumpenda.

Pantaleo alikuwa na sababu yake, na haikuwa ya kumsimulia mtu. Zamani, alipokuwa mchimbaji, duara lilipomwangukia, alilala chini ya kifusi akiwa na akili zake zote. Alisikia majembe. Akasikia majembe yakikoma. Kisha akasikia sauti ya mtu anayemfahamu vizuri ikisema, "Hapa hakuna mtu tena, tusijichoshe." Alitolewa baadaye kwa sababu mchimbaji mmoja alirudi kutafuta sururu yake aliyoisahau. Sururu nayo ilipatikana. Tangu siku hiyo kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi kila anapopanda mwinuko, duarani hakurudi tena, na nyumbani aliwaambia tu kwamba alitolewa.

*

Machimboni walimpa jina la Marehemu. "Marehemu huyo anapita," walisema vijana wa karasha, mashine ya kuvunjia mawe, huku wakisaga, na walisema kwa sauti ya kushinda mashine. Wateja wa uji walimuuliza Scolastika kama matanga yataanza lini, ili waje na vikombe vyao. Aliwacheka mwanzoni. Halafu akaacha kucheka, akaanza kuwapimia uji pungufu.

"Mbwa anakula nyama ya kopo," alimwambia mumewe walipokuwa wakila mchicha. "Nimemwona kwa macho yangu. Anayefukiwa kwa ajili yake anakula hii."

"Mbwa yuko kazini."

"Na wewe?"

"Mimi najitolea."

Scolastika alimtazama mwanawe, Nkwabi, aliyekuwa akila haraka haraka ili awahi duarani. Alikuwa mchimbaji kwenye duara la Masudi, na ugali wa nyumba ile, pamoja na huo mchicha, ulitoka mgongoni kwake. Ulikuwa msimu wa mvua na asubuhi zilikuwa za baridi. Scolastika aliinuka, akaenda mlangoni, akalitoa koti la kijani kwenye msumari, akamwekea Nkwabi mapajani.

"Vaa hili. Huko baba yako anakolala hakuna upepo."

"Mayu, hilo ni la baba," Nkwabi alimwambia mama yake.

"La baba yako wa kazini. Huyu amestaafu."

Nkwabi alimwangalia baba yake. Pantaleo akaendelea kutafuna. Alitaka kusema kwamba koti lile ndicho kitu pekee alichobaki nacho kutoka siku zake za uchimbaji, lakini mchicha ulikuwa mdomoni, na ulipokwisha, kijana alikuwa ameshalivaa. Lilimkaa vizuri. Hilo nalo lilimuuma Pantaleo.

*

Duara la Masudi lilianguka asubuhi, baada ya mvua kubwa. Watu walisikia mlio mzito kwa chini, halafu maduara ya jirani nayo yakafuata, mpaka sehemu yote ikawa kifusi kimoja kipana. Wachimbaji wawili walitoka wakitambaa, weupe kwa vumbi. Wa tatu hakutoka. Alikuwa Nkwabi.

Masudi, mwenye duara, alisimama kwenye mdomo uliozibika na kuelekeza watu wachimbe hapo hapo, moja kwa moja kwenda chini. Alikuwa mtu mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi, na aliapa kwamba duara lake lilikuwa limenyooka kama kisima. Wale wawili waliotoka walitazamana, wakanyamaza. Matimba ya kuzuia kuta walikuwa wakiyadai tangu kabla ya mvua, na Masudi alikuwa akijibu kwa upole kwamba yako njiani.

Scolastika alikuwa amekaa chini kwenye tope, mikono kichwani, halii. Pantaleo alisimama nyuma yake. Alikuwa anasikiliza majembe, anaogopa saa ambayo yatakoma. Hakuwahi kuogopa hivyo hata siku ilipokuwa zamu yake.

Rhoda alikuja mbio na mbwa wake kwenye kamba. "Bwana Mwenyekiti, sikufichi, hajawa tayari," alimwambia Cornel. "Lakini tujaribu."

Watu wakasogezwa pembeni, majembe yakasimamishwa, na Tunu akafunguliwa. Alipanda kifusi, akashuka, akazunguka pua chini. Kisha akainua kichwa kwenye upepo, mkia ukaanza kucheza. Aliacha kifusi. Akaingia katikati ya umati, watu wakampisha kwa woga, akapita miguu ya huyu na ya yule, mpaka akafika mbele ya Pantaleo. Hapo akakaa kitako, akamtazama usoni, akabweka. Akabweka tena na tena, kama alivyofundishwa, akisubiri mpira wake.

Isangilo yote ilijua mchawi anavyotajwa. Wengi wao walikuwa wamewahi kutembea mpaka ng'ambo ya Tinde kwa mganga, wakakaa mkekani kungoja waoneshwe aliyewaroga. Hawakuwa wamewahi kuoneshwa waziwazi namna hii, mchana, bila hata kuku.

"Mimi sisemi kitu," Masudi alisema. "Mmeona wenyewe. Aliyesema ni mbwa."

Umati ulipumua kwa pamoja. Wa karibu walimtazama Pantaleo kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwenye kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu, na hata hivyo wakakubaliana kwamba huyu amemtoa mwanawe kafara apate utajiri. Utajiri wenyewe ulikuwa haujafika. Ndiyo maana alikuwa akilala mashimoni, mtu mmoja alieleza, alikuwa akimwandalia mtoto nafasi.

"Si hivyo," Rhoda alisema. "Jamani, nisikilizeni. Huyu ndiye mtu pekee anayemjua. Anamtafuta yeye. Mzee akiwa hapa, mbwa hawezi kutafuta mwingine."

"Hata mwalimu wake anasema anamtafuta yeye," alisema mtu.

Jiwe la kwanza lilikuwa dogo, likampata begani. Sungusungu, walinzi wa jadi, walisogea, wengine kumlinda na wengine wakiwa hawajaamua. Pantaleo hakuwaangalia. Alikuwa anamwangalia Rhoda, kwa sababu katika watu wote wale ni yeye tu aliyesema kitu chenye maana. Akiwa hapa, mbwa hawezi. Aligeuka kwa mwenyekiti.

"Nipelekeni," alisema. "Nipelekeni mbali, na upesi."

Kelele zikakatika. Cornel alimkazia macho. "Unasemaje, Mzee Pantaleo?"

"Nimesema mniondoe hapa. Niko tayari."

"Amekiri," sauti ikasema nyuma, kwa utulivu kabisa, na neno likatembea.

Alijua lilivyosikika. Angeweza kusimama akaeleza, nao wangeweza kubisha mpaka jioni, na chini kule mwanawe alikuwa anavuta hewa ileile aliyokwisha kuivuta. Akanyoosha mikono ifungwe. Scolastika aliinua uso kutoka kwenye tope akamtazama mumewe akipelekwa, na Pantaleo hakuweza kujua kama naye ameamini.

*

Walimfungia kwenye ofisi ya kitongoji, iliyokuwa chumba kimoja chenye meza, bango la chanjo na magunia ya mbegu. Mlango ulilindwa na sungusungu mmoja aitwaye Nasibu, kijana wa watu ambaye alikuwa amekunywa uji wa Scolastika tangu aanze kuota ndevu. Alikaa na fimbo yake, amelipa dirisha mgongo.

"Nasibu," Pantaleo alisema, "majembe yanasikika?"

"Usiniongeleshe, mzee. Nimeambiwa nisikutazame machoni."

"Huna haja ya kunitazama. Sikiliza tu."

Nasibu akasikiliza. "Yamekoma," alisema.

Pantaleo aliketi juu ya magunia. Filimbi ya kifua ilikuwa ikilia, naye alijaribu kuizuia ili asikie. Alimwomba Mungu, halafu akawaomba na babu zake waliofia Kishapu, ambao kwa miaka mingi hakuwa amewasumbua. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa mbuzi.

Ndipo akasikia Tunu akibweka. Sauti ilitoka mbali, si upande wa mdomo wa duara bali huku pembeni, kwenye kiwanja cha jirani, na haikuwa ya kukatika. Alibweka mfululizo. Pantaleo alikuwa amelisikia bweko hilo kila asubuhi akiwa chini yake, na sasa kwa mara ya kwanza alilisikia kama anavyolisikia mtu aliye juu. Alilia. Nasibu alisikia kilio, akasahau alichokatazwa, akageuka dirishani.

"Wanachimba kule," alisema. "Wote wamehamia kule."

Ilichukua muda mrefu. Vigelegele vilipopanda, Nasibu alikimbia akaacha mlango peke yake, akarudi akihema.

"Yu hai. Mguu umevunjika, lakini anaongea. Ameomba maji. Duara lilikata kona, mzee, lilikuwa limeingia kwa jirani. Mbwa amekaa juu yake sawia." Akafuta jasho. Kisha uso ukambadilika, akarudi nyuma hatua chache. "Kwa hiyo mbwa huyu hakosei," alisema.

Rhoda alikuja dirishani baadaye, matope mpaka magotini. "Lilikuwa koti lako, mzee," alisema. "Alikuwa amelivaa koti lako. Tunu hakumtafuta Nkwabi. Alikuwa anakutafuta wewe."

"Vyovyote," alisema Pantaleo. "Mpe mpira wake."

*

Mkutano ulifanyika kesho yake, kando ya karasha, ambayo ilizimwa kwa heshima. Nkwabi alikuwa hospitalini Kahama, mguu umefungwa plasta. Scolastika alilala huko, akarudi na bodaboda mapema, vumbi usoni, kitenge kilekile cha jana.

Masudi alipewa nafasi ya kwanza, akazungumza kwa upole wake. "Mimi namshukuru Mungu kijana amepona. Lakini ndugu zangu, mbwa amesema mara mbili. Mara ya pili tumechimba, tumekuta ni kweli. Ile ya kwanza tutaiachaje? Na mwenyewe alikiri mbele yetu." Watu walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa hesabu iliyokaa sawa. Kadiri mbwa alivyosifiwa kwa kumpata Nkwabi, ndivyo Pantaleo alivyozidi kuwa mchawi.

Hakuna aliyeuliza matimba.

Cornel alisafisha koo na kusema kwamba serikali haitambui uchawi. Alisema pia kwamba yeye binafsi hawezi kumlinda mtu kila usiku. Kwa hiyo, kwa amani, familia ihame kabla ya jua kuzama. Pantaleo, aliyekuwa amesimamishwa mbele kama kitu cha mnada, alijua maana ya maneno hayo. Aliwahi kuona nyumba ya bibi mmoja baada ya watu kuambiwa hawezi kulindwa.

"Mama Nkwabi ana neno?" Cornel aliuliza, akitumaini hana.

Scolastika alisimama. "Nina swali kwa Masudi. Mbwa akibweka mbele ya mtu, mtu huyo ni mchawi?"

"Ndivyo tulivyoona."

"Asipobweka?"

"Ni mtu safi."

"Basi nifukieni mimi."

Umati uliguna. Rhoda alimfuata, akamvuta kando, lakini hakufika mbali na Pantaleo alisikia. "Mama, Tunu hakujui. Akikupita, tumekwisha. Watasema anawajua wachawi na wasio wachawi."

"Mwanangu, nimelala kitanda kimoja na yule mtu tangu wewe hujazaliwa. Nafua nguo zake. Kama mbwa wako ana pua, itatosha."

"Na isipotosha?"

"Tutahama. Mizigo yenyewe si mingi."

Pantaleo alipelekwa nyuma ya karasha, upande ambao upepo ungechukua harufu yake na kuipeleka porini, Nasibu akiwa ameshika mkono wake. Kutoka hapo aliona. Scolastika alivua kandambili akazipanga vizuri ukingoni, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Alijifunga kitenge, akashuka shimoni, akalala. Wakamfunika mbao, magunia, na mchanga. Mwanamke aliyekuwa ameona aibu hata kuinama kumsemesha mumewe shimoni alipotea machoni pa Isangilo nzima, zikabaki kandambili zake.

Tunu alifunguliwa. Alizunguka uwanja, akafika kwenye shimo, akapita juu yake bila kusimama.

"Hapo hakuna kitu," Masudi alisema, kwa sauti ya kusikika.

Mbwa aliinua kichwa, akageukia upande wa karasha. Pantaleo alichuchumaa nyuma ya mashine, akajikunyata, akazuia pumzi, jambo ambalo halina maana yoyote kwa mbwa na alilijua hilo. Alimpenda mbwa yule, na wakati ule alitamani asingekuwa amemjua kamwe.

Tunu alisimama kati. Kisha, polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, alirudi shimoni. Alinusa ukingo. Alinusa kandambili, moja baada ya nyingine. Akashusha pua kwenye mchanga, akakwangua, akakwangua kwa nguvu, akakaa kitako na kubweka.

Scolastika alitolewa akiwa na mchanga kwenye nyusi. Alivaa kandambili zake kwanza.

"Haya," alisema. "Mchawi wa pili ndiye mimi. Sasa wa tatu. Masudi, karibu, shimo lipo wazi."

Masudi alitazama shimo, akatazama suruali yake. "Mimi nina udhuru wa mgongo," alisema.

"Mwenyekiti?"

Cornel alikuwa mtu mzito kufikiri, lakini siku hiyo alifikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri maishani mwake. Aliona shimo, akaona mbwa akimtazama kwa upendo, akaona uchaguzi wa vitongoji. "Kikao kimeona," alisema, "kwamba mbwa huyu anatafuta watu. Hatafuti wachawi. Mzee Pantaleo ni mtu. Kikao kimefungwa."

Hakuna aliyepinga, kwa kuwa anayepinga angeambiwa aingie. Watu walianza kutawanyika. Ndipo mmoja wa wale wachimbaji wawili, aliyekuwa kimya tangu jana, akasema kikao hakifungwi kabla Masudi hajaeleza duara lilifikaje kwa jirani, na matimba yako njia gani. Watu wakarudi kukaa.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, Scolastika mbele na Pantaleo nyuma, kifua kikipiga filimbi. Kwenye mwinuko Scolastika alisimama kumngoja, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu.

"Nilimsikia Masudi," alisema. "Nikiwa mle chini. Nilisikia anasema hapo hakuna kitu."

Pantaleo alifika, akasimama kando yake akihema.

"Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikasema, kumbe watu wanaweza kusimama juu yako wakasema hivyo." Alimtazama. "Ndivyo ilivyokuwa siku yako?"

"Ndivyo."

"Na ulisikia ni nani?"

"Nilisikia."

Hakumuuliza jina. Alipangusa mchanga kwenye nyusi kwa ncha ya kitenge, akatazama karasha iliyokuwa imeanza kunguruma tena. Kisha akamshika mumewe kiwiko, wakaanza kupanda taratibu, kwa mwendo wa kifua chake.

"Mwalimu anasema bado anahitaji mtu wa pili," Scolastika alisema walipofika mlangoni. "Kesho nitalala mimi."

"Na uji?"

"Uji utauza wewe. Ndoo usijaze mpaka juu, utamwaga."